Siku Niliyonyamaza Njia ya Chamazi

Sababu ya kuondoka ilikuwa njema. Lutengano, mdogo wake mume wangu, alikuwa amehamia nyumba yake mwenyewe huko Chamazi, baada ya kuhangaika na nyumba za kupanga tangu alipokanyaga Dar es Salaam akiwa kijana. Jumamosi ile mchungaji alikuwa anakuja kuibariki. Sisi ni watu wa Tukuyu, na kwetu jambo kama hilo halifanyiki mkubwa wa ukoo akiwa hayupo. Mkubwa wa ukoo hapa mjini ni mume wangu, Baba Neema, ambaye hajawahi kukosa jambo la ukoo hata akiwa na homa.

Ijumaa jioni binti yetu Neema alipiga simu. Akasema Chamazi ni mbali, foleni ya Mbagala anaijua, je, aje atuendeshe? Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Baba Neema akaitazama pale mezani kama inayomdai kitu, akasema, "Mimi niendeshwe?" kisha akatoka nje kwenda kuosha gari. Nikamwambia Neema asijisumbue, baba yake yuko imara. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba nafasi ya kwanza ya kusema kweli tulipewa tukiwa hata viatu hatujavaa.

Baba Neema ana miaka sabini na minne. Alikuwa dereva wa serikali maisha yake yote ya kazi, akiwabeba wahandisi wa maji kwenda vijiji ambavyo hata ramani ilikuwa haijavisikia. Mlima Kitonga wenye kona kali amepanda na kushuka usiku na mchana, mvua na ukungu, na hajawahi kupindua gari wala kugonga hata mbuzi. Mimi nina sitini na tisa. Nilifundisha darasa la tatu mpaka nilipostaafu, na kilichobaki kwangu kutoka kazi hiyo ni sauti kubwa na magoti mabovu. Kwa magoti haya siwezi kupanda daladala wala kusimama kituoni. Gari letu dogo jeupe ndilo miguu yangu: linanipeleka kliniki, sokoni, kanisani, na Jumatatu na Ijumaa linawabeba watoto wawili wa Neema kwenda shule, kwa sababu siku hizo mama yao anaingia kazini mapema.

Sasa niseme jinsi tunavyosafiri, maana hapo ndipo penye habari yote. Yeye anaendesha, mimi nasema. "Tuta linakuja." "Boda kushoto." "Taa nyekundu." "Kijani, twende." "Mama anavuka na mtoto." Naye hujibu neno moja, "Nimeona." Ilianza mwaka juzi, karibu na hospitali ya Mwananyamala, alipolipanda tuta kwa kasi nikagonga kichwa kwenye dari. Kesho yake tulipofika pale nikasema kama mzaha, "Mzee, tuta lako lile pale." Akasema, "Nimeona." Keshokutwa nikasema tena. Baada ya hapo sikunyamaza, na yeye hakuniambia ninyamaze. Hatukuwahi kukaa tukaliongelea. Utingo wa lori hujua kazi yake, na mimi nikajua yangu, bila mkataba wowote.

Saa tatu kasorobo asubuhi tulitoka Mwananyamala. Mtaa wetu ni mwembamba, na asubuhi watu wanapanga biashara zao mpaka kwenye tairi za magari. Mtaani kwetu Baba Neema hahitaji mtu. Kila shimo analijua kwa moyo, na kila mtu anamjua yeye. Wauza chapati wanasogeza majiko, vijana wanavuta pikipiki zao pembeni, na wote wanasema shikamoo. Ananyanyua mkono, anasema marahaba, marahaba, mpaka lami. Siku ile nilimtazama na shati lake jipya la bluu nikajisemea kwamba nimeolewa na mwanamume mzuri, na ni kweli.

Tuliposhika Barabara ya Kawawa nikaanza kazi yangu. Kinondoni ilikuwa imechangamka, pikipiki zinapita huku na huku kama siafu waliokanyagwa. "Boda kulia, mwingine kushoto, huyu wa kushoto ana godoro." "Nimeona." Pale Magomeni, penye makutano na njia ya mwendokasi, nilisema taa mapema kabisa, maana pale sipendi mchezo. Alisimama vizuri. Basi refu la mwendokasi likapita mbele yetu, naye akageuza kichwa kulifuata na akatabasamu. Nikajiuliza analiona lote au anausikia mngurumo tu. Kisha taa ikawa kijani, nikasema twende, na swali langu likabaki Magomeni.

Saa tatu na nusu hivi tulifika Chang'ombe. Pale nilikosea kidogo. Nilikuwa natafuta leso kwenye mkoba, na nilipoinua macho gari lilikuwa limeshavuka mstari wa kusimamia, pua iko nje kwenye makutano. Trafiki, binti mwembamba mwenye sare nyeupe, akatunyooshea mkono na kutuonyesha pembeni. Akaja upande wa dereva na uso wa kazi. Alipoinama na kuona nywele nyeupe, uso ukabadilika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri. Mnaelekea wapi, mzee wangu?"

"Chamazi. Mdogo wangu anabarikiwa nyumba."

"Hongereni. Sasa mzee, pale umepita mstari."

"Breki ilichelewa kidogo, mwanangu."

Akatazama leseni, akatazama ndani ya gari, akanisalimia na mimi. "Haya, nendeni salama. Polepole tu, mzee." Tukaondoka. Baba Neema alikuwa anapiga mluzi. Nikamshukuru Mungu kwa watoto waliolelewa vizuri. Sikujua kwamba napaswa kulia.

Kutoka pale tulipita Temeke, tukateremkia Mtoni na kushika Barabara ya Kilwa. Ni barabara pana, na katikati kuna njia ya mwendokasi iliyozungushiwa kingo za zege. Nilimwambia abaki kushoto, nyuma ya lori moja la mchanga lililokuwa likienda taratibu. Nyuma ya kitu kikubwa anaendesha kwa raha. Lori likisimama anasimama, likienda anaenda. Wenye haraka walitupita wakipiga honi, na mmoja alipotukaribia akachungulia, akawaona wazee wawili na nguo zao za kanisani, akaacha honi na kunyanyua mkono kuomba radhi.

Saa nne na nusu tuliingia Mbagala, tukapita Rangi Tatu na fujo zake, tukakata kuelekea Chamazi. Nyumba ya Lutengano iko ndani ya mtaa wa vumbi, ukuta wake bado haujapakwa rangi, lakini bati lake linang'aa na mlangoni walikuwa wamefunga maua. Lutengano alitoka mbio kama mtoto, mwanamume wa miaka sitini na nne. Akampokea kaka yake kwa mikono miwili na kuinama. Baba Neema alimkumbatia, kisha akanyoosha mkono kumsalimia mchungaji, na mkono ukaenda pembeni kidogo, ukamshika mtu aliyesimama kushoto kwa mchungaji. Mtu huyo alifurahi, mchungaji akacheka, jambo likaisha.

Mkewe Lutengano, Mama Tusa, hakucheka. Nilimwona akitazama.

Ibada ilikuwa fupi na tamu. Mchungaji aliombea kila chumba, hata choo, na watu wakaimba nyimbo za nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Baba Neema aliposimama kusema neno la ukoo, Lutengano alilia waziwazi. Mimi pia macho yalinijaa. Kuna watu wamejenga maghorofa Mikocheni bila kuonja furaha ya mtu yule na vyumba vyake vitatu.

Wakati wa kupakua chakula nilikaa jikoni na Mama Tusa. Alikuwa anamenya ndizi za mwisho za kuongeza sufuriani. Akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mama Neema, samahani. Shemeji anaona vizuri lakini?"

"Kwa nini?"

"Nimempa glasi ya maji sasa hivi. Ameitafuta kwa mkono."

"Ni uzee tu, mdogo wangu. Na wewe subiri, utafika."

Akasema, "Haya, dada," akaendelea kumenya. Yeye ni mdogo kwangu, na nilishamjibu kwa sauti ya kufunga mjadala. Angeongeza neno la pili angeonekana hana adabu. Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, nami niliifukuza kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya kula, wanaume walihamia kwenye mazungumzo ya safari za zamani. Lutengano aliwaambia wageni kwamba kaka yake ametoka Mwananyamala mpaka Chamazi leo, kwa mikono yake, na umri huo. "Bado chuma," akasema. Wageni wakapiga makofi. Baba Neema akajinyoosha kwenye kiti, akawapa Kitonga yote, na breki zilizokatika, na jiwe alilowekea tairi. Kisha, kwa ajili ya kunogesha, akaninyooshea kidole.

"Barabara siogopi mimi. Shida yangu ni redio iliyokaa kushoto. Inaanza kuimba Mwananyamala, inazima Chamazi. Haina hata kitufe cha kuzimia."

Walicheka mpaka mchungaji akaweka soda chini. Lutengano naye akaongeza, "Shemeji, mwachie mwenyewe bwana. Huyo ni dereva." Nikacheka na mimi, kwa sababu mke akichekwa mbele za watu na asipocheka, inakuwa aibu mara mbili. Lakini ndani yangu kitu kilisinyaa. Miaka miwili nimekuwa macho ya mtu, na malipo yangu ni kuitwa redio. Nikasema moyoni, vizuri. Leo redio itazimwa, tuone nani dereva.

Ndiyo, nililipanga. Sitaki mtu anisaidie kusema kwamba nilisahau au nilisinzia.

Saa tisa alasiri tuliagana. Walitupa mkungu wa ndizi na maombi ya safari. Nilifunga mkanda, nikaweka mikono juu ya mkoba, nikatazama mbele.

Tuta la kwanza la Chamazi alilipiga vibaya, ndizi zikaruka kwenye buti. Akangoja kidogo.

"Umelala?"

"Sijalala."

"Mbona hivyo?"

"Redio imezimwa."

Akacheka. Alidhani ni mzaha wa dakika tano. Alipoona sijibu, akainamia usukani, akapunguza mwendo mpaka baiskeli ikatupita. Tulifika Rangi Tatu kwa kubahatisha. Gari moja lilipiga honi ndefu, na kondakta mmoja akapiga kelele, "We mzee, unaenda au unakaa?" Nilimwona Baba Neema jasho likimtoka chini ya sikio. Nilikuwa na hasira bado, na hasira ina raha yake, msomaji anisamehe. Nikawa nasema kimya kimya: haya, omba. Omba tu, niambie nikusaidie, na nitakusaidia.

Hakuomba. Barabara ya Kilwa hatukupata lori la kufuata. Akashikilia upande wa kushoto karibu na njia ya waenda kwa miguu, na mara mbili tairi ziligusa ukingo wake. Nilibana mkoba wangu mpaka kucha zikauma. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikajiambia kwamba mpaka hapa amefika, basi anaona kuliko nilivyodhani, na labda ni kweli mimi ni mama mwenye kelele tu. Mtu anaweza kujidanganya jambo lolote akishakuwa amenuna.

Kiasi cha saa kumi na robo tulikuwa tumeshaiacha Kilwa na kuingia njia ya Temeke. Mbele kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, mistari yake imefifia lakini inaonekana. Upande wa kushoto, upande wangu, akashuka dada mmoja kutoka ukingoni. Alivaa dera la kijani na kichwani alikuwa na ndoo. Gari lililokuwa linakuja upande wa pili lilikuwa limeshasimama kumpisha. Akatutazama, akaona tunakuja polepole, akatuamini, akaingia barabarani.

Nilimwona mapema. Hilo ndilo jambo ninalolala nalo na kuamka nalo. Nilimwona mapema, nikasubiri kuona kama mume wangu naye atamwona. Ilikuwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Mguu wake wa kulia haukuondoka kwenye mafuta.

"Simama!"

Alikanyaga breki palepale, kwa nguvu zote, kama alivyokuwa akifanya siku zote nikisema. Gari likapiga kichwa mbele na kuzima. Ndoo ikaanguka. Dada alikuwa amesimama, mikono miwili juu ya boneti letu, dera lake limegusa taa ya mbele.

Baba Neema akageuka kunitazama. "Kuna nini?" akauliza.

Alikuwa hajamwona. Alikuwa mbele yake kabisa, mwanamke mzima wa kijani, na yeye alikuwa ananiuliza mimi kuna nini.

Dada alizunguka upande wa dereva, mdomo umeshafunguka. "We baba, huoni mtu..." Kisha akamwona vizuri kupitia dirishani. Zile nywele. Nikashuhudia maneno yakimrudi kooni. Akasema kwa sauti iliyokatika, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema mume wangu, na sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa uchungu namna ile.

Ndoo ilikuwa ya nyanya. Zilikuwa zimetawanyika barabarani, nyingine zimepita chini ya gari. Baba Neema akafungua mlango, akashuka, akapiga magoti kwenye lami na shati lake jipya aziokote. Nami nikashuka kwa magoti yangu haya. Tukasimama, mimi na yule dada, tukamtazama. Alikuwa anapapasa. Nyanya nyekundu zilikuwa mbele yake kwenye lami, na viganja vyake vilikuwa vinafagia huku na huku. Akiigusa moja anaishika, anaipeleka kwenye ndoo, anaanza tena kutafuta. Zile za kushoto kwake hakuzigusa kabisa.

Dada alinitazama. Hakuwa tena na hasira. Akamwendea, akamshika kiwiko. "Acha baba, nitaokota mwenyewe. Kaa tu." Tulitaka kumlipa nyanya zilizopondeka, akakataa. Aliponipita akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mfikishe nyumbani." Alisema *mama, mfikishe*. Alishaelewa nani alikuwa dereva.

Vijana wa pikipiki walitusukumia gari mpaka kwenye uwazi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa. Tukakaa ndani, milango wazi. Yeye bado yuko nyuma ya usukani, mikono mapajani. Nilimwuliza jambo ambalo nilipaswa kumwuliza miaka miwili nyuma.

"Unaona nini?"

"Kushoto hakuna kitu. Kama ukungu wa Kitonga. Kulia naona, lakini kama kioo kilichopata mvuke."

"Tangu lini?"

"Tangu lile tuta la hospitalini." Akapangusa vumbi la lami magotini. "Nilijua kwamba unajua. Ulipoanza kunitajia, nikasema moyoni, basi, tutaenda hivi hivi. Leo uliponyamaza nilitaka kukuomba. Nikashindwa. Baada ya kukuita redio mbele ya mchungaji, nitaanzia wapi?"

Nikamwambia mimi nilimwona yule dada mapema. Nikamwambia nilisubiri. Nilitegemea atapandisha sauti, na ningefurahi. Alinyoosha mkono akatafuta wangu, akaupata.

"Jana tumewapeleka watoto shule," akasema. "Wale wawili wamekaa nyuma wanaimba. Na wewe ulikuwa unageuka kuwafunga vifungo."

Ni kweli, nilikuwa nageuka. Akachomoa ufunguo, akaniwekea kwenye kiganja. "Mpigie Neema," akasema, kisha akashuka, akazunguka gari akilishika kwa mkono, akafungua mlango wa nyuma na kukaa.

Saa kumi na moja na nusu Neema alifika kwa bajaji. Akatusalimia wote wawili, akakagua boneti, akatukagua na sisi. Baba yake akamweleza mwenyewe. Alimweleza yote: ukungu, kivuko, dada wa nyanya, kwamba hakumwona hata kidogo. Hakusema neno juu yangu. Kwa maelezo yake, alikuwa ameendesha peke yake miaka miwili, amewaficha watu wote, na mimi nilikuwa abiria tu ambaye kwa bahati nzuri alipiga kelele. Neema akawa anasema, "Pole baba. Pole sana. Tutaenda kwa daktari wa macho Jumatatu." Akashika usukani na kuniambia, "Pole mama, umepata mshtuko."

Tulipita Chang'ombe. Tulipita Ilala. Pole ya mwanangu ilikuwa inanichoma kuliko tusi. Mume wangu alikuwa amenifunika kama nilivyomfunika yeye, na ningeweza kukaa chini ya shuka hilo mpaka kufa kwangu. Tulipokaribia Kigogo nikasema.

"Neema, mimi nilijua."

"Ulijua nini, mama?"

"Kwamba haoni. Tangu mwanzo. Nilikuwa namtajia njia. Ningesema, gari lingechukuliwa, na mimi magoti haya ningebaki ndani kama kiti. Nikaona heri tuendelee."

Aliwasha taa ya pembeni, akaliegesha gari, akazima injini. Hakugeuka. Alizungumza akitazama kioo cha mbele.

"Na wanangu mlikuwa mnawapakia humu. Na mimi nilikuwa nawafungia chakula, nawapungia mkono getini. Mngeniulia watoto. Mama, baba, mngeniulia watoto wangu."

Hakupaza sauti. Mimi nimemlea kwa fimbo na Zaburi, na hajawahi kuniongelesha hivyo. Upande wa nyuma nilisikia mume wangu akivuta pumzi. Nilingoja aseme "Neema, chunga ulimi", kama angesema baba yeyote wa Tukuyu.

"Ni kweli," akasema. "Tungewaua."

Neema akawasha gari, tukaendelea. Tuliingia Mwananyamala jua linazama, na watu wakampungia mkono Baba Neema aliyekaa nyuma, wasielewe.

Hiyo ndiyo safari. Daktari alisema jicho la kulia ni mtoto wa jicho, nalo limeshafanyiwa upasuaji, anasoma Biblia bila shida. La kushoto ni presha ya macho, na kilichoondoka hakitarudi. Angeliwahi mwaka juzi kingebaki kingi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuficha maradhi ya mwenzake pia. Gari anaendesha Neema. Kliniki nakwenda na bajaji ya kijana wa jirani, Alhamisi tu, na kanisani Jumapili mbili kati ya nne. Siku nyingine nakaa ndani kama kiti, kama nilivyoogopa. Si rahisi, na sitasema ni rahisi. Neema hakutuletea watoto kwa wiki tatu. Wiki ya nne aliwaleta kwa miguu.

Nimeihesabu safari ile mara nyingi kitandani. Trafiki, mwenye honi, Mama Tusa, dada wa nyanya: wote waliona, na wote walituheshimu wakatupisha. Kutoka nyumbani hadi Chamazi na karibu njia yote ya kurudi, hakuna aliyetupenda kiasi cha kutuvunjia heshima, mpaka tulipofika kwa mwanetu mwenyewe, karibu na Kigogo, gari limezimwa. Wewe unayesoma, kama una mzee anayeendesha, usiishie kumwambia shikamoo. Kaa karibu naye, umwulize anaona nini. Na kama kuna mtu anakaa kushoto kwake anaongea sana, mwulize huyo kwanza.